Siku Majivu Yalipoingia Maabara

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo na kuambiwa nisiutumie.

Ulikuwa ufunguo wa kabati la maabara katika shule moja ya sekondari mjini Tabora. Aliyenipa alikuwa Mkuu wa Idara ya Sayansi, mzee mwembamba mwenye koti jeupe lililojaa madoa ya kila rangi. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu. Nilikuja kwa miguu kutoka nyumbani Kanyenye, nimevaa gauni jipya aliloshona mama, na njia nzima nilikuwa naulizwa habari na watu waliokwisha kuijua safari yangu. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuunda ndoo na makarai ya bati, alikuwa amemtangazia kila mteja kwamba binti yake anakwenda kufundisha kemia. Sidhani kama wateja walijua kemia ni kitu gani. Baba naye, Mungu amrehemu, hakuwa na uhakika sana.

"Humo kabatini," Mkuu wa Idara aliniambia, "mna vioo vilivyonunuliwa kabla wewe hujazaliwa. Vyote vizima. Unajua kwa nini ni vizima?"

"Kwa sababu vimetunzwa, mwalimu."

"Kwa sababu hakuna mtoto aliyevigusa."

Akacheka peke yake, akanionyesha darasa langu, akaondoka. Nilimpenda mzee yule tangu siku hiyo, ingawa tuligombana miaka yote niliyokaa chini yake. Kwake vifaa vya maabara vilikuwa vyombo vya wageni, vya kupangusa vumbi na kurudisha mahali pake. Mimi nilitaka watoto wavishike. Nilivunja bika la kwanza, lile kopo la kioo la kuchanganyia, kabla ya mwisho wa wiki, nikakatwa kwenye mshahara, na sikujuta hata kidogo.

Vijana wanaoanza ualimu sasa huniuliza tulifundishaje bila kompyuta na bila vitabu vya kutosha. Nawajibu kwamba tulifundisha kwa kutazama nani yuko mbele yetu. Kidato cha kwanza si kidato cha nne, na mwalimu anayewaingilia wote kwa mdomo uleule atachoka bure.

Mtoto wa kidato cha kwanza ametoka shule ya msingi amesoma sayansi kwa Kiswahili, halafu ghafla kila kitu ni Kiingereza. Ukimuuliza jina la hewa tunayovuta anakutazama kama umemtukana. Mimi kwa miezi ya mwanzo nilichanganya lugha, jambo ambalo lilikatazwa. Makamu Mkuu wa Shule alikuwa na mazoea ya kupita dirishani akisikiliza. Nikiona kichwa chake nahamia Kiingereza, kikipita narudi Kiswahili, na watoto walikuja kuujua mchezo huo hata wakawa wananikoholea akikaribia.

Kidato cha pili wanapenda rangi, basi niliwapa rangi. Tulichemsha maua ya rozela, haya haya ya kutengenezea juisi, tukapata kiashiria, yaani kitu kinachobadilika rangi kukuambia ulichonacho ni asidi au alikali. Ukitia limau, ambalo ni asidi, rozela inazidi kuwa nyekundu. Ukitia magadi, ambayo ni alikali, inageuka bluu na kuelekea kijani. Kidato cha tatu ndiko kwenye moli, na hapo wengi huikimbia kemia. Moli ni njia ya kuhesabu vitu vidogo visivyohesabika kwa kuvipima uzito. Nilipeleka kunde na kopo darasani, nikawauliza muuza kunde wa sokoni huhesabu punje ngapi. Wakacheka, na walipomaliza kucheka walikuwa wameshaelewa nusu ya somo.

Kidato cha nne kazi ni moja, mtihani wa taifa, na ndani yake mtihani wa vitendo. Hapo ndipo mwanafunzi anaposhika bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye bomba dogo chini na alama za vipimo ubavuni. Anadondoshea asidi ndani ya chupa yenye alikali, tone kwa tone, mpaka rangi ibadilike. Kisha anasoma ametumia kiasi gani. Tone moja likizidi, umekosa. Sijaona kazi nyingine ya shule inayomfundisha mtoto kutulia kama hiyo.

Nilikuwa nimeshazoea mjini Afisa Elimu aliponiita ofisini. "Mwalimu Ashura," alisema, "kuna shule mbele kidogo ya Kigwa haina mwalimu wa kemia. Wewe huna mtoto mdogo, una afya, na unapenda kugombana. Utafaa."

Nilikwenda kwa treni, na sanduku langu, mkeka wangu na chupa mbili za asidi nilizozipakata mapajani kama kichanga. Shule ilikuwa na madarasa machache ya matofali ya kuchoma na chumba kimoja kikubwa kilichoandikwa mlangoni MAABARA. Ndani mlikuwa na meza, mabomba yasiyotoa maji na boksi la vioo ambalo halijafunguliwa.

Mkuu wa Shule wa pale alikuwa mwalimu wa historia, Mkristo wa Kimoravia, mtu wa nidhamu na usafi. Shati lake lilikuwa jeupe hata Oktoba, wakati vumbi letu linapoingia hadi kwenye mkate. Alikuwa na adabu sana. Kila shule ilipochinja mbuzi alimwita mzee wa Kiislamu kutoka stesheni aje achinje, ili nami nile bila wasiwasi, ingawa Waislamu pale shuleni tulikuwa mimi na mlinzi tu. Lakini katika suala la kemia hatukuelewana.

Miaka ile shule isiyo na maabara iliruhusiwa kufanya mtihani wa maandishi badala ya vitendo. Mtoto anachorewa bureti kwenye karatasi, anaulizwa inasoma ngapi. Mkuu wa Shule aliuona mtihani huo kama nyumba ya matofali katika mvua.

"Mwalimu, karatasi haivunjiki," aliniambia. "Watoto wanakariri, wanapita. Hivyo vitendo vyako vikitushinda?"

"Hawapiti, Mkuu. Tazama matokeo. Hawajui wanachokariri."

Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka kama jana. "Haya. Mwaka huu fanya vitendo vyako. Wakifeli, mwakani kidato cha tatu wote watasoma masomo ya sanaa, wewe utaomba uhamisho, na chumba kile nitakitia mahindi." Wazazi walikuwa wanachangia mahindi ya chakula cha mchana, na magunia yalikuwa yanalala kwenye veranda, yanaliwa na panya. Hakuwa ananitisha. Alikuwa na shida ya stoo.

Kidato cha nne waliochukua kemia hawakufika ishirini. Kiongozi wao alikuwa Kulwa, msichana mrefu, mpole, mwenye mikono isiyotetemeka. Alitaka kwenda chuo cha uuguzi, na chuoni hawapokei mtu asiye na kemia. Mama yake alikuwa mkulima wa karanga na tumbaku kidogo, mjane, na alikuwa amekwisha kunieleza kwa ufupi: "Mwalimu, huyu akishindwa hapa sina pa kumpeleka pengine." Kwa hiyo nilikuwa nimejua, tangu Januari, kwamba mzigo ule si wangu peke yangu.

Tulifanya kazi. Mabomba yalikuwa makavu, tukategesha pipa chini ya mfereji wa bati wakati wa masika, tukayafunika maji yale ya mvua na kuyatunza kwa kazi ya kutengenezea myeyusho tu. Mlinzi aliwahi kuchota kikombe akanywa, nikamsema mpaka akaanza kuniepuka. Vibao vya kushikia bureti alituchongea seremala wa kijijini kwa mninga, vikawa vizito na vizuri kuliko vya dukani. Kufikia Septemba watoto wangu walikuwa wanadondosha asidi kama wanaotia dawa jichoni.

Siku moja kabla ya mtihani niligundua pipeti hazitoshi. Pipeti ni mrija wa kuvutia kipimo kimoja kamili cha maji. Nikapanda basi kwenda mjini kwa mzee wangu wa zamani, Mkuu wa Idara, ambaye alikuwa karibu kustaafu. Nilitegemea atanifukuza. Alisikiliza hadithi yote, ya mahindi na ya Kulwa, akafungua kabati lake mwenyewe, akazifunga pipeti moja moja kwenye gazeti.

"Zikivunjika usirudi," alisema.

"Nitarudi, mwalimu. Nitarudi na vipande."

"Toka hapa!" Lakini alinisindikiza hadi getini.

Nililala Kanyenye kwa mama, na asubuhi mapema nikarudi. Mtihani ulikuwa wa saa nane mchana. Nilipofungua mlango wa maabara nilisimama kizingitini nimeduwaa. Vioo vyote vilikuwa vinameta. Bureti, chupa, mabika, vyote vimepangwa mstari, safi kuliko vilipotoka kiwandani. Kulwa na wenzake walikuwa wamejipanga nyuma ya meza, wanatabasamu.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Nani amefanya hivi?"

"Sisi, Madam. Mkuu alikuja jana jioni akaona vyombo vina ukungu. Akasema msimamizi anakuja kesho, anataka ving'ae."

Niliwasifu, na niliwasifu kwa moyo. Kisha nikawatoa nje, nikaingia stoo kuchukua myeyusho niliokuwa nimeufungia, nikaanza kufanya kipimo changu mwenyewe, kama mwalimu anavyotakiwa. Jibu lilitakiwa liwe karibu na mililita ishirini na tano za asidi. Nikapata ishirini na nane. Nikarudia kwa chupa nyingine, thelathini na moja. Mara ya tatu, ishirini na saba. Nikajiambia myeyusho umeharibika, nikaupima kwa chombo cha plastiki, ukawa mzima. Basi tatizo liko kwenye vioo. Nikainua chupa moja kwenye mwanga wa dirisha, na chini kabisa, pembeni, nikaona ukoko mwembamba wa kijivu.

Nikatoka nje. "Kulwa, mmeoshea nini?"

"Majivu, Madam." Alisema kwa fahari. "Ya mninga. Tulichekecha kwanza yasije yakakwaruza."

"Na kusuuza?"

"Kwenye beseni. Maji yalikuwa kidogo."

Ninyi mliolelewa huku hamhitaji maelezo. Kwetu sufuria haijaoshwa mpaka imesuguliwa kwa majivu, na mwisho wa kiangazi beseni moja husuuza vyombo vya nyumba nzima. Msichana asiyejua kung'arisha chombo kwa majivu huonekana hakufundwa. Watoto wale walikuwa wamefanya kazi njema kabisa ambayo mama zao wangeisifu. Ila majivu ni alikali. Maji ya lile beseni yalikuwa alikali ya kutosha, na kila chombo kilichochovywa mle kikakauka nayo ndani. Kila tone la asidi ambalo watoto wangelidondosha mchana ule lingepotelea kwenye majivu kabla ya kufanya kazi yake, na kila mmoja angepata jibu lake, na yote yangekuwa makosa.

Nilipowaeleza, Kulwa hakulia. Aliketi tu chini mchangani. Kusema kweli nilikasirika, na nilitaka kufoka, lakini nilimtazama nikaacha.

Mkuu wa Shule alikuwa amesikia kutoka mlangoni kwake. Akaja, shati jeupe, mikono nyuma. "Ni mimi niliyewaagiza," alisema. "Unahitaji nini?"

"Maji, Mkuu. Mengi. Kila chombo kisuuzwe mara nyingi kwa maji safi, ndipo nimalizie na ya pipa letu. Pipa peke yake halifiki mbali."

Tanki la shule lilikuwa tupu. Maji yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye pampu ya kijiji, na foleni ya Novemba mnaijua. Akina mama wanapanga ndoo tangu alfajiri, na anayeruka foleni hatasahau siku hiyo. Mkuu wa Shule alipanda baiskeli yake. Mimi na watoto tukamfuata kwa miguu, na nilichukua chupa yangu ya rozela, sijui hata kwa nini. Pengine mkono wangu ulizoea kutoka nayo.

Tulipofika tulimkuta amesimama mbele ya foleni, kofia mkononi. Mtu ambaye wazazi walikuwa wanamwogopa kuliko mwenyekiti wa kijiji, alikuwa anawaamkia kwa Kinyamwezi na kuomba.

"Mwangaluka akina mama. Nimekosa. Naomba maji yenu."

"Maji yetu ya nini tena, Mkuu?" aliuliza mama mmoja wa mbele, ndoo yake imejaa. "Juzi mmechukua mahindi."

"Watoto wameosha vyombo vya mtihani kwa majivu. Vimeharibika."

Hapo zogo likazuka. Mama Kulwa, aliyekuwa katikati ya foleni, ndiye aliyepaza sauti. "Majivu yameharibu chombo? Majivu yamekosa nini? Mimi nimewalea wote hawa kwa majivu!" Wenzake wakamwitikia. Nikaona tumewapoteza, maana tulikuwa tumewagusa penye heshima yao.

Basi nikaomba kiganja cha majivu kwenye jiko la mama muuza uji aliyekuwa jirani, nikayakoroga kwenye kikombe chake, nikayaacha yatulie. Nikamwita Mama Kulwa. "Mama, hii ni juisi ya rozela, unaijua. Haya, mimina maji ya majivu mwenyewe."

Akamimina. Ule wekundu ukakatika, ukaingia bluu, ukaishia kijani. Akarudi nyuma hatua moja. Wengine wakaacha ndoo zao wakaja kuangalia, nikarudia, na nikarudia tena, mpaka rozela ikaisha. Mama mmoja alitaka kujua kama tumbo nalo linageuka hivyo.

"Kwa hiyo majivu si mabaya," Mama Kulwa alisema polepole.

"Si mabaya, mama. Yana nguvu. Yana nguvu kuliko mtihani unavyotaka."

Kisha akamgeukia yule mama wa mbele. "Mayu, twika ndoo. Twende."

Walikuja foleni nzima. Maji waliyokuwa wameyangoja tangu alfajiri, ya kupikia na ya kuogesha watoto, waliyamimina kwenye mabeseni yetu. Hawakuingia maabara, waliona haya, lakini walipanga mstari mlangoni wakipokezana ndoo, na Mkuu wa Shule alikunja mikono ya shati lile jeupe akasuuza bureti kwa mikono yake huku Kulwa akimwelekeza asiikamate hivyo. Nilipima mara ya mwisho kukiwa kumebaki muda mfupi sana. Ishirini na tano. Nikarudia kwa chupa nyingine. Ishirini na tano. Nikatoka nje nikasema "tayari".

Msimamizi alipofika alisifu usafi wa maabara. Hatukumwambia kitu.

Nimestaafu sasa. Niko Kanyenye, katika nyumba ya baba, nafuga kuku, na jioni nawasaidia watoto wa jirani hesabu. Nimepita shule nyingine mbili baada ya ile, na wakuu wengine, wema na wagumu. Watu huniuliza kama siusikitikii ujana wangu nilioumalizia chaki na asidi. Siusikitikii. Mgongo unauma, na nina kovu la asidi kwenye kidole ambalo wajukuu wanapenda kulishika, lakini kazi yangu niliipenda, na si wote wanaoweza kusema hivyo. Ninachowaambia walimu vijana ni hiki kimoja: fungueni kabati. Na mkishafungua, waulizeni watoto wanavyofanya nyumbani kabla hamjawafundisha ya shuleni.

Najua mnangoja matokeo. Sisi nasi tulingoja, kiangazi kikaisha, mvua zikanyesha, karanga zikapandwa. Yalipotoka, Mkuu wa Shule aliyasoma kwenye simu yake, amesimama juu ya kichuguu nyuma ya ofisi ambako mtandao ulikuwa unapatikana. Alishuka, akanipa simu. Wiki hiyohiyo alihamishia magunia ya mahindi ofisini kwake, na mpaka ninaondoka shule ile alikuwa anafanya kazi katikati ya magunia, na wageni walikaa juu yake.

Nilikimbia na simu ile hadi pampuni. Mvua ilikuwa imepunguza foleni, lakini walikuwepo. Mama Kulwa aliniona kwa mbali, akaweka ndoo chini.

"Mama, Kulwa amefaulu!" nilipiga kelele. "Kemia amefaulu vizuri, atakwenda uuguzi!"

Alifumba macho. Kisha akafumbua, akanitazama, akawatazama wenzake waliokuwa wamesimama na ndoo zao, wengine ambao hawakuwa hata na mtoto pale shuleni.

"Wabeja, mwalimu," alinishukuru. "Na sisi wengine tumepata ngapi?"

Nikaketi kwenye ukingo wa pampu, nikaanza kuwasomea, jina moja baada ya jingine, na kila jina walilipokea wote.